Nyumba Imepata Mteja wa Bei ya Chini: Uuze au Umrudishe?

Anayeuza nyumba Unguja au Pemba mara nyingi hupata mteja wa kwanza kabla hajamaliza kuwaarifu jamaa zake, na mteja huyo kwa kawaida hutaja bei iliyo chini sana ya ile iliyotangazwa. Wapo wauzaji wanaokasirika papo hapo, wakaona wamedharauliwa, na wapo ambao kwa kubanwa na shida hukubali siku hiyo hiyo bila ya kushauriana na mtu. Makala haya yanaeleza namna ya kuipima bei ya chini kabla ya kuikubali au kuikataa, na msimamo wake ni mmoja: bei hiyo isilinganishwe na bei uliyoitangaza, kwa kuwa hiyo uliipanga mwenyewe, bali ilinganishwe na fedha zitakazowafikia wenye haki, siku zitakapowafikia, na gharama ya kumsubiri mteja mwengine ambaye huenda akachelewa kuja.

Bei hiyo imetokana na nini

Kabla ya kumjibu mteja ni vyema kujua kwa nini ametaja kiasi hicho, kwani sababu zikitofautiana na jawabu nalo hutofautiana. Wako wanaoanza chini kwa desturi tu ya kubishana bei, na hao wana kiwango cha pili walichokificha. Wako wenye fedha hizo na hawana zaidi. Na wako walioiona kasoro ambayo wewe umeizoea hata huioni tena. Njia nyepesi ya kuwatenganisha ni kumwuliza mteja kwa upole amefikaje kwenye bei hiyo. Mwenye hoja atakuonesha. Atagonga plasta ya ukuta wa uani kwa kidole, na vumbi jeupe la chumvi litaporomoka hadi sakafuni, au atanyanyua macho kwenye dari na kukuonesha duara la kahawia pale maji ya masika yalipopenya. Asiye na hoja atasema tu kuwa hali ya fedha ni ngumu, na huyo aghalabu huongeza akibanwa.

Kasoro kubwa kuliko zote hapa kwetu, hata hivyo, aghalabu haimo ukutani bali imo kwenye karatasi. Kwa mujibu wa Sheria Namba 12 ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na anachomiliki mtu ni haki ya kuitumia pamoja na nyumba aliyojenga juu yake. Kwa hiyo mteja anayelipa fedha nyingi hununua matofali na hununua pia uhakika kwamba haki hiyo itahamia kwake bila ya kupingwa. Muuzaji ambaye ardhi yake imepimwa, ikatambuliwa na kusajiliwa anauza kitu kimoja; muuzaji ambaye mkononi ana karatasi ya mauziano ya zamani iliyoshuhudiwa na sheha (kiongozi wa Serikali katika shehia) na majirani wawili, ambao mmoja wao ameshafariki, anauza kitu chengine, hata kama nyumba zenyewe zimefanana kama mapacha. Ikiwa bei imeshuka kwa ajili ya karatasi, kugombana na mteja hakutaipandisha. Kitakachoipandisha ni kwenda Kamisheni ya Ardhi kuulizia upimaji na usajili, ukajua unachukua muda gani na unagharimu kiasi gani, kisha ukapima kama gharama hiyo ni ndogo kuliko pengo la bei. Mara nyingi huwa ndogo.

Liko pia suala la asili ya ardhi yenyewe. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali iligawa mashamba kwa wananchi kwa eka tatu tatu, na nyumba nyingi za pembezoni mwa mji na za mashamba zimesimama juu ya eka hizo au juu ya vipande vilivyomegwa kutoka humo. Ardhi ya namna hiyo haiuzwi kiholela, na mteja anayeijua historia yake hutoa bei ya hofu. Vivyo hivyo Mji Mkongwe: nyumba kadhaa mle ni za Serikali au ni za wakfu, na anayekaa humo, hata akiwa amezaliwa humo na babu yake, hana cha kuuza. Hata ile ambayo ni mali halali ya mtu ina masharti yake, kwa sababu mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na kila ukarabati huombewa kibali kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mnunuzi mwenye busara huhesabu boriti zilizooza, kuta za mawe zinazotaka chokaa na si saruji, na mafundi wachache wanaoijua kazi hiyo. Na tangu sehemu ya Beit el Ajaib, jumba kongwe la mle mjini, ilipoporomoka mwezi wa Disemba mwaka 2020 hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi juu ya hatari ya jengo kongwe lililoachwa. Bei ya mnunuzi huyo itaonekana ndogo kwa sababu ukarabati ameshautoa moyoni mwake kabla ya kufungua mdomo.

Bei ya mtaa na bei ya mwisho

Hakuna namna ya kuiita bei ya chini ikiwa hujui nyumba kama yako zinauzwa kwa kiasi gani. Kosa linalofanywa na wengi ni kuuliza majirani wanauza kwa bei gani, ilhali linalotakiwa kuulizwa ni waliouza walilipwa kiasi gani. Kati ya hayo mawili mna tofauti kubwa. Sheha ni mtu wa kwanza wa kumwendea, kwa kuwa mauziano mengi ya shehia yake hupita mbele yake. Kisha waulize madalali wawili wasiofanya kazi pamoja, na kama nyumba ni ya thamani kubwa au wenye haki hawaaminiani, mlipe mthamini mwenye sifa aandike ripoti. Gharama ya mthamini huwauma watu, lakini karatasi yake hunyamazisha maneno mengi ya nyumbani.

Katika kulinganisha, linganisha vinavyofanana kwa kweli. Nyumba mbili za vyumba vitatu huko Fuoni zinaweza kupishana sana bei kwa sababu gari linafika mlangoni mwa moja na la pili huachwa barabarani, mwenyewe akamalizia njia kwa miguu baina ya kuta za watu. Maji yakitoka bombani mchana, eneo likiwa la juu ambalo mvua haijazi, na mtaa ukiwa karibu na skuli na msikiti, hayo yote yana bei. Nyumba ya bondeni iliyowahi kuingia maji haina haja ya kufichwa historia yake, kwani jirani atamwambia mteja kabla hajafika njia kuu.

Ukishapata picha hiyo, andika bei ya mwisho, yaani kiasi ambacho chini yake huuzi, na uiandike kabla ya mteja yeyote kuingia ndani. Bei inayopangwa mbele ya mteja huvutwa na maneno yake. Ile iliyopangwa wiki mbili kabla, mkiwa mmekaa peke yenu na kila mmoja ametoa hoja yake, husimama. Bei hiyo ni ya wenye nyumba peke yao, na dalali asiambiwe kabisa. Simshutumu dalali, ni kwamba ujira wake hupatikana pale tu mauziano yanapokamilika, na kwa hiyo faida yake ni biashara imalizike haraka, hali ya kuwa faida yako ni imalizike vizuri. Pungufu ya milioni kumi kwako ni kilio, kwake ni kipande kidogo cha asilimia mliyokubaliana.

Hesabu ya nyumba ya urithi

Nyumba nyingi zinazouzwa hapa ni za urithi, na hapo ndipo bei ya chini inapoleta mtihani hasa, kwa sababu anayeamua si mtu mmoja. Chukulia mfano wa marehemu aliyeacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, na madeni yake yameshalipwa. Mjane, kwa kuwa wapo watoto, anapata thumni, yaani sehemu moja kati ya nane. Saba zilizobaki hugawiwa watoto, mwana wa kiume akipata sehemu mbili na binti sehemu moja. Nyumba kwa jumla ina sehemu nane: mjane moja, kila mwana wa kiume mbili, kila binti moja.

Tuseme nyumba imetangazwa kwa shilingi milioni 96 na mteja ametaja milioni 80. Pengo la milioni 16 likisemwa kwa ujumla wake linatisha, na kikao cha familia huweza kuvunjika kwa kulitaja tu. Likigawiwa katika sehemu nane, mjane na kila binti anapoteza milioni 2 na kila mwana wa kiume milioni 4. Badala ya milioni 12 binti anapata 10, na badala ya 24 mwana wa kiume anapata 20. Sasa kila mmoja anaweza kujiuliza swali lenye jawabu: je, niko tayari kusubiri miezi kadhaa, pengine mwaka, kwa ajili ya kiasi hicho? Si lazima jawabu liwe ndiyo au hapana. Muhimu ni kwamba kila mwenye haki analijibu kwa fedha zake mwenyewe.

Endelea na mfano huo huo. Wiki ya pili anatokea mteja mwengine na kutaja milioni 92, na baraza zima linachangamka. Ukimsikiliza hadi mwisho, anatoa milioni 40 sasa na 52 zilizobaki atazilipa kwa awamu ndani ya miezi 18, na anataka kabla ya kuhamia paa litengenezwe kwa gharama za wauzaji, jambo ambalo fundi amelikadiria kwa milioni 6. Zinazobaki ni milioni 86. Kwa mteja wa kwanza kila sehemu inapata milioni 10 wiki hii. Kwa wa pili inapata milioni 4 na laki mbili unusu sasa, na milioni 6 unusu nyengine kidogo kidogo kwa mwaka mmoja na nusu, ikiwa mambo yake hayataharibika. Ziada yote anayoileta ni laki saba unusu kwa sehemu, na kwa ajili ya hiyo zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba itakuwa imekaa mikononi mwa mtu baki. Mimi ningemchukua wa kwanza bila ya kusita, na ningemwomba aongeze milioni 2 kabla ya kumpa mkono.

Katika vikao hivi huwapo kundi linalosema tusubiri, na mara nyingi ni wale walio mbali, Muscat, London au Dar es Salaam, ambao kusubiri hakuwagharimu kitu. Anayegharimika ni mama anayelala chini ya paa linalovuja, au binti anayelipa kodi ya nyumba huku fungu lake limefungwa ndani ya kuta. Ni haki kumwuliza anayetaka kusubiri atachangia kiasi gani katika mabati, mlinzi na kodi hizo hadi bei anayoitaka ipatikane. Maoni hubadilika sana baada ya swali hilo. Walio nje ya nchi na waliokubali kuuza waandikiwe mapema hati ya uwakala iliyothibitishwa inavyotakiwa, na bei ya mwisho itajwe ndani yake, maana mteja mwenye fedha taslimu hasubiri karatasi ipite ubalozini.

Ikiwa miongoni mwa warithi yumo mtoto ambaye hajabaleghe, mlango wa kupunguza bei unakuwa mwembamba zaidi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi visiwani, msimamizi wa yatima haruhusiwi kuuza nyumba au shamba la yatima isipokuwa kwa dharura au kwa manufaa ya wazi kwa yatima huyo mwenyewe. Kuuza chini ya bei ya soko kwa sababu wakubwa wana haraka ni kumdhulumu. Wakubwa wanaweza kusamehe vya kwao, hawawezi kumsamehea yeye. Katika hali hiyo nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au Mahkama ya Kadhi kabla ya kumjibu mteja, na kama bei ni ya chini lakini hamna budi kuuza, wakubwa wanaweza kukubaliana wazi wazi kwamba punguzo libebwe na mafungu yao pekee.

Mteja mwengine wa kuangaliwa kwa makini ni ndugu yenu mwenyewe, hasa yule anayekaa ndani ya nyumba. Tuseme mmoja wa wale wana wawili amesema atatoa milioni 60. Kabla ya kumlaumu, mwulizeni kama milioni 60 ndiyo bei ya nyumba au ndizo fedha atakazozitoa mfukoni kuwalipa wenzake. Kama ni za mfukoni, basi ametaja bei ya milioni 80, kwa sababu robo ya nyumba tayari ni yake. Yuko sawa na mteja wa nje, na ni bora abaki yeye. Kama ni bei ya nyumba nzima, atawalipa wenzake milioni 45 tu, na hapo amewapunja. Fikra hizi mbili huchanganyika katika mazungumzo hadi udugu ukaingia dosari pasipo mtu kukusudia. Kumpa ndugu haki ya kununua kwa bei ile ile aliyoitaja mgeni ni jambo jema, na iwapo mshirika mmoja anauza fungu lake peke yake kwa mtu wa nje, wenzake wana haki ya shufaa, yaani kulichukua fungu hilo kwa bei hiyo hiyo. Lakini asiwe yeye ndiye anayewapokea wateja na kuwaonesha nyumba, kwa kuwa anayeitaka nyumba kwa bei ndogo hana sababu ya kuisifu.

Gharama ya kusubiri

Nyumba iliyofungwa haikai kama ilivyoachwa. Upepo wa bahari unakula nondo na mabati, mchwa wanapanda kwenye milango, popo wanahamia darini, na uani majani yanaota mpaka wapita njia wakaona hapana mwenyewe. Hesabu gharama hizo kwa mwezi, ongeza kodi ambayo ungeipata kama ungeipangisha, kisha zidisha kwa miezi unayodhani utasubiri. Nyumba inayoweza kupangishwa kwa laki tatu kwa mwezi ikikaa tupu miezi kumi imekwishapoteza milioni 3, na hiyo ni sehemu ya pengo la bei ulilolikataa. Kinyume chake, ikiwa nyumba ina mpangaji anayelipa vizuri na aliyekubali kuwapokea wateja, kusubiri hakukugharimu sana na unaweza kuwa mgumu.

Majira nayo yana hukumu yake. Mwezi wa Ramadhani watu hununua chakula na nguo za sikukuu, si nyumba, na bei ndogo inayoletwa wakati huo isichukuliwe kuwa ndiyo kauli ya soko. Masika si wakati wa kuonesha nyumba inayovuja au iliyo bondeni, ingawa kwa nyumba imara ya mahali pa juu ni wakati mzuri wa kumwonesha mteja kwamba ndani ni pakavu. Wanaoishi ughaibuni hurudi kwa sikukuu na kwa likizo za skuli za huko waliko, wakiwa na akiba na muda mfupi wa kuamua. Pemba iko na jambo lake: karafuu zikizaa na wakulima wakishalipwa na Shirika la Biashara la Taifa, fedha huonekana Wete, Chake na Konde kwa namna isiyoonekana miezi mengine, na mwaka ambao mikarafuu haikuzaa hata nyumba nzuri hutafuta mteja kwa tabu. Mwenye nyumba Limbani au Machomanne anayepata bei ya chini siku chache kabla ya msimu mzuri ana sababu ya kuvuta subira. Anayeipata baada ya msimu kupita ajue kwamba huenda wenye fedha wameshazitumia.

Shida ya muuzaji mwenyewe nayo ni sehemu ya hesabu na si aibu kuitaja mnapokaa wenyewe. Fedha za matibabu zinazohitajika mwezi huu zina thamani kuliko fedha nyingi zaidi za mwakani. Ila kabla ya kuiuza nyumba ya milioni 80 kwa milioni 60 kwa sababu ya haja ya milioni 8, angalia kama haja hiyo inaweza kutatuliwa kwa njia nyengine: kupangisha na kuchukua kodi ya mwaka mzima mbele, kukopa kwa ndugu, au kuuza kiwanja kidogo kilicho mbali. Na mteja asiijue shida yako. Dalali akiulizwa kwa nini wanauza, jawabu liwe kwamba wenyewe wanahamia kwengine au wanagawana, basi.

Mteja huyu ni nani

Mtu anayelipa taslimu, aliyekwishaikagua nyumba, na asiyedai matengenezo, anastahili kupunguziwa, kwa sababu anakuondolea hatari. Anayetegemea mkopo wa benki atachelewa na benki itaifanyia nyumba uthamini wake. Ikiwa uthamini huo utakuwa chini ya bei yake, atarudi kuomba punguzo la pili. Anayelipa kwa awamu asikabidhiwe ufunguo wala hati hadi malipo yatimie, au angalau hadi kiasi kikubwa kilichoandikwa mkatabani mbele ya wakili kiwe kimelipwa, na mkataba useme wazi kitatokea nini akishindwa.

Hutokea pia mgeni asiye Mtanzania akataja bei inayowafanya wateja wa mtaani waonekane bahili. Ardhi ya Zanzibar haimilikiwi na mgeni kama anavyoimiliki mwananchi. Njia yake ni ukodishaji na uwekezaji, kwa taratibu zilizowekwa kisheria. Akikwambia kwamba jina litakaloandikwa ni la rafiki yake mwenyeji, bei hiyo nzuri inakuja na kesi ndani yake. Mlinganishe na mteja wa bei ya chini anayeweza kusimama mbele ya Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi, inayoidhinisha ardhi kuhamia kwa mtu mwengine, kwa jina lake mwenyewe. Na mteja anayekubali kuongeza bei kwa sharti kwamba mkataba uandike kiasi kidogo ili apunguze ushuru wa stempu, mkatalie. Mauziano yakivunjika Mahkama itaangalia kilichoandikwa, na wewe ndiye utakayeulizwa zilizobaki zilikwenda wapi. Bei yenyewe iwe ya shilingi, kwani kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

Namna ya kumjibu

Usimjibu siku ile ile, hata kama bei imekufurahisha. Inatosha kusema: “Bwana, nimekusikia na nakushukuru kwa kuipenda nyumba. Nina wenzangu, nitakupa jawabu Ijumaa baada ya sala.” Siku hizo chache zinakupa nafasi ya kufanya hesabu zilizotajwa hapo juu, na zinampa mteja nafasi ya kuongeza mwenyewe. Ukirudi kwake, jibu kwa kiasi kamili na sababu yake, kwa mfano kwamba hamtashuka chini ya milioni 86 kwa kuwa hati imesajiliwa na gari linafika mlangoni, kisha nyamaza umwachie zamu. Kama ana hoja ya kweli ya paa au ukuta, mpe punguzo la thamani ya kazi hiyo kama fundi alivyoikadiria, badala ya kupunguza kwa kukisia. Njia nyengine ni kuiacha bei ilipo na kubadilisha masharti: alipe taslimu ndani ya wiki mbili, aichukue nyumba kama ilivyo, au awaachieni mkae humo miezi miwili bila ya kodi huku mkitafuta pa kuhamia. Kwa mjane mwenye mizigo ya miaka arubaini, miezi miwili hiyo inaweza kuwa bora kuliko milioni moja.

Kubishana kuna mipaka yake. Kumweka mtu wa uongo ajifanye mteja ili bei ipande ndiko kunakoitwa najshi, na Mtume (S.A.W.) amekukataza. Mkishakubaliana na kupeana mkono, usimwendee mteja mwengine kumtangazia bei hiyo ili aipande. Kabla ya makubaliano, lakini, hakuna ubaya kumwambia mteja ukweli kwamba yuko mwengine aliyetaja zaidi, akiwapo kweli.

Arbuni, yaani fedha za awali anazotoa mteja ili awekewe nyumba, ikipokewa, iandikwe kuwa ni sehemu ya bei, na iandikwe itarudishwaje iwapo mauziano hayatatimia. Wanazuoni wa Shafi hawamruhusu muuzaji kuzila fedha za arbuni mteja akighairi, na familia nyingi zimeingia katika mgogoro kwa kuzitumia mapema, zikajikuta zinalazimika kukubali bei yoyote ya mteja yule yule kwa kuwa hazina cha kumrudishia. Ziwekeni benki msiziguse.

Iko bei ambayo haihitaji kupimwa: ile iliyo chini ya bei ya mwisho mliyoiandika, kutoka kwa mtu anayekataa kueleza sababu na anayewahimiza msaini leo kabla ya wengine kujua. Huyo arudishwe, kwa heshima. Mteja mwengine yeyote mliyemkataa chukueni namba yake ya simu na mwambieni mtampigia mkibadilisha kauli. Wateja wa nyumba si wengi kiasi cha kuwafukuza, na aliyetaja milioni 80 mwezi wa Rajabu anaweza kuwa amepata 84 ifikapo Mfunguo Mosi. Wakati huo huo, malizeni yale aliyoyaonesha kidole: utoeni ukuta ule chumvi, zibeni dari, lipeni deni la maji, na nakala za hati, uamuzi wa mirathi na barua ya sheha ziwekwe katika jalada moja, ili atakayefuata asipate pa kuanzia kupunguza.